Maswali ya Wasomaji: Mshale Umebonyezwa, Nani Aupokee?

Barua zilizochaguliwa kwa ajili ya toleo hili zimetoka Mafinga, Mbeya mjini, Tukuyu, Iringa na Njombe. Ingawa waliotuandikia wanatumia lugha tofauti za programu, wote wanalalamikia vitufe vinne vilevile vya kibodi: mishale ya kushoto, kulia, juu na chini. Nimeona afadhali nizijibu kwa pamoja, maana shina la matatizo hayo ni moja. Herufi ikibonyezwa huwa na mahali pamoja tu pa kwenda, yaani kwenye maandishi, lakini mshale una wadai wengi: dirisha linautaka ili kuhamisha fokasi (yaani zamu ya kupokea vitufe), jedwali linautaka ili kubadili seli, kisanduku cha maandishi kinautaka ili kusogeza kielekezi, na programu yako inasimama mwisho wa foleni hiyo bila kujua kwamba foleni ipo.

Swali: Ndugu Mhariri, ninatengeneza programu ya uwanja wa mbao hapa Mafinga kwa C# na Windows Forms, maktaba ya Microsoft ya kutengenezea madirisha. Dirisha linaonyesha mchoro wa marundo ya mbao, na nilitaka mhudumu ahame kutoka rundo moja hadi jingine kwa kutumia mishale. Kazi ilikwenda vizuri mpaka nilipoongeza batani tatu chini ya mchoro. Sasa mshale ukibonyezwa, fokasi inahama kutoka batani moja hadi nyingine, na tukio la KeyDown la fomu haliitwi kabisa, ingawa KeyPreview nimeiweka kuwa true. Nimekosea wapi?

Jibu: Ndugu yangu wa Mafinga, usihangaike kuichunguza KeyDown yako, kwa sababu mshale haukufika huko. Ujumbe wa kibodi unapoingia kwenye programu ya Windows Forms, haupelekwi moja kwa moja kwenye tukio. Kwanza unapitishwa kwenye methodi ya ProcessCmdKey, ambayo huanzia kwenye kidhibiti (yaani batani, kisanduku au kitu kama hicho) chenye fokasi na kupanda kwa wazazi wake hadi kwenye fomu. Kisha kidhibiti chenye fokasi huulizwa, kupitia IsInputKey, kama kitufe hicho ni chake. Kikikataa, ujumbe unaingia ProcessDialogKey, na hapo ndipo fomu inapouchukua mshale na kuutumia kuhamisha fokasi kwenda kwa kidhibiti cha jirani. Ujumbe ukishachukuliwa, safari yake imekwisha. Ni sawa na kifurushi kilichopakiwa kwenye basi Mbeya kwenda Iringa kikashushwa Makambako: anayekisubiri Iringa anaweza kusimama stendi mpaka usiku.

KeyPreview haikusaidii kwa sababu kazi yake iko katika hatua ya mwisho, baada ya ujumbe kupona katika hatua hizo zote. Inaipa fomu nafasi ya kuona kitufe kabla ya kidhibiti, lakini haiipi nafasi ya kukiona kabla ya ProcessDialogKey. Kabla hujaongeza batani, hapakuwa na kidhibiti cha kuhamishiwa fokasi, kwa hiyo mshale ulikosa mdai na ukafika kwenye KeyDown. Hilo ndilo lililokufanya uamini kwamba msimbo wako ulikuwa sahihi.

Zipo njia tatu za kutoka hapo, na hazina thamani sawa.

Njia inayopendekezwa mara nyingi ni kuandika upya ProcessCmdKey ya fomu, kukagua kama kitufe ni mshale, kufanya kazi yako, kisha kurudisha true. Inafanya kazi siku hiyohiyo, na ndiyo maana inapendwa. Hata hivyo, siku utakapoweka kisanduku cha kuandikia jina la mteja kwenye fomu hiyo, mhudumu hataweza kurudi nyuma herufi moja kurekebisha jina, kwa kuwa fomu imenyang'anya mishale yote. Ukilazimika kuitumia, kagua kwanza ActiveControl ni nani, ukikumbuka kwamba kama umepanga vidhibiti ndani ya UserControl, ActiveControl ya fomu itakutajia UserControl yenyewe na si kisanduku kilichomo ndani yake. Kumbuka pia kwamba ProcessCmdKey inaona kubonyezwa tu. Kuachiwa kwa kitufe haikuoni.

Njia ya pili ni kutumia tukio la PreviewKeyDown la kila batani na kuweka IsInputKey ya tukio hilo kuwa true pale kitufe kinapokuwa mshale. Hapo batani itadai mshale, ProcessDialogKey itarukwa, na KeyDown ya fomu itaitwa kama ulivyotarajia. Ni njia safi kuliko ya kwanza, ila inakutaka ukumbuke kufanya hivyo kwa kila batani mpya, na pia inamwondolea mtumiaji haki ya kutembea kati ya batani kwa mishale, jambo ambalo Windows imemzoesha.

Mimi nakushauri njia ya tatu: mchoro wa marundo uwe kidhibiti kamili chenye fokasi yake. Unda darasa linalorithi Control, lipe mtindo wa Selectable kupitia SetStyle, weka TabStop kuwa true, ita Focus mtumiaji anapolibofya kwa kipanya, na andika upya IsInputKey irudishe true kwa mishale minne. Usichore juu ya Panel ya kawaida, kwa kuwa Panel haikuundwa kupokea fokasi. Mwishowe chora mstari mwembamba kuzunguka mchoro wakati una fokasi, ili mhudumu ajue mishale inakwenda wapi. Akiwa kwenye mchoro, mishale itahamisha rundo; akiwa kwenye batani, itahamisha batani; akiwa kwenye kisanduku, itasogeza kielekezi. Hakuna aliyenyang'anywa.

Jambo moja dogo ndani ya IsInputKey hiyo: thamani unayopewa inabeba pia Shift, Ctrl na Alt. Ukilinganisha moja kwa moja na Keys.Left, ulinganisho utashindwa pale tu mtumiaji anaposhikilia Shift ili kuchagua marundo kadhaa. Chuja kwanza kwa Keys.KeyCode, halafu ulinganishe. Na kwa wanaoandika moja kwa moja juu ya Win32, yaani tabaka la chini la Windows yenyewe, kwa C au C++, kisa ni kilekile chenye majina mengine: IsDialogMessage ndiyo inayochukua mishale, na kidhibiti chako kinaidai kwa kujibu WM_GETDLGCODE kwa DLGC_WANTARROWS.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi, ninaishi Iyunga, Mbeya, na ninamsaidia mjomba wangu mwenye duka Mwanjelwa kwa programu ndogo ya mauzo. Kitabu kimoja kinasema mshale wa kushoto ni 75, kingine kinasema ni 37, na rafiki yangu anayetumia WPF, maktaba nyingine ya madirisha ya Microsoft, ameona 23. Nilichagua 37 nikaiweka ndani ya tukio la KeyPress. Mishale haifanyi chochote, lakini mjomba akiandika alama ya asilimia kwenye punguzo, orodha inaruka kushoto, na akifungua mabano, inashuka chini. Namba ipi ni ya kweli?

Jibu: Marahaba. Namba zote tatu ni za kweli, kila moja katika tabaka lake, na swali lako ni zuri kuliko unavyodhani.

Namba 75 ni ya kibodi yenyewe. Kibodi haijui habari za kushoto wala kulia. Inatuma namba ya mahali kitufe kilipo, na katika mpangilio ulioanza na kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981, mshale wa kushoto ni 75, wa juu 72, wa kulia 77 na wa chini 80. Ndiyo maana programu za C zinazotumia getch kwenye dirisha jeusi la Windows hupokea kwanza 0 au 224, kisha 75. Namba 37 ni ya Windows, ambayo hupokea namba ya mahali na kuigeuza kuwa namba ya maana: kushoto 37, juu 38, kulia 39, chini 40. Java ilizichukua namba hizohizo. WPF ina orodha yake ambamo kushoto ni 23. Ukihamia Linux kwenye mfumo wa madirisha wa X11 utakuta namba nyingine kabisa. Kwa hiyo usiandike namba yoyote. Andika jina ambalo lugha yako imelitoa, kama vile Keys.Left, Key.Left au KeyEvent.VK_LEFT, na uiachie maktaba kazi ya kujua namba.

Sasa kuhusu asilimia ya mjomba. Tukio la KeyPress linahusu herufi, na namba inayoletwa humo ni ya herufi. Katika jedwali la ASCII, 37 ni alama ya asilimia, 38 ni alama ya na, 39 ni kinukuu kimoja, na 40 ni mabano yanayofunguka. Mshale hautoi herufi, kwa hiyo hauingii KeyPress kamwe. Alama ya asilimia inaingia, inakutana na 37 yako, na orodha inaruka. Hamishia msimbo wako kwenye KeyDown, tumia Keys.Left badala ya 37, na punguzo litaandikika kwa amani. Ukitumia Java, utengano huo upo kati ya keyTyped na keyPressed: ndani ya keyTyped, getKeyCode hurudisha VK_UNDEFINED daima, kwa hiyo mshale usitafutwe huko.

Swali: Mhariri, niko Tukuyu. Nimeandika kwa Java Swing ramani ya vipande vya mashamba ya chai, ambayo wakulima wanaonyeshwa kwenye kompyuta ya ofisi. JPanel yangu ina KeyListener inayosogeza ramani. Inafanya kazi hadi mtu abofye kisanduku cha kutafuta jina; baada ya hapo mishale inakufa mpaka programu ifungwe na kufunguliwa tena. Nimejaribu pia kuiweka ndani ya JScrollPane, mambo yakawa mabaya zaidi. Ndaga fijo.

Jibu: KeyListener inasikiliza kidhibiti kimoja, nacho kinasikia tu wakati kina fokasi. Kisanduku cha kutafuta kikibofywa kinachukua fokasi, na hakuna kinachoirudisha kwenye ramani. Wengi hujibu hali hii kwa kuita requestFocusInWindow kila mahali, hata kwenye kipima muda, wakaishia na programu inayomnyang'anya mtumiaji fokasi katikati ya neno analoandika. Usifike huko.

Swing ina njia iliyoundwa kwa ajili ya jambo hili: vifungo vya vitufe, ambamo unaunganisha kitufe na jina la tendo kwenye InputMap, kisha jina na tendo lenyewe kwenye ActionMap. Kila JComponent ina InputMap tatu: moja ya wakati kidhibiti chenyewe kina fokasi, moja ya wakati mtoto wake ana fokasi, na moja ya wakati dirisha zima lina fokasi. Ukitumia ile ya WHEN_IN_FOCUSED_WINDOW, ramani itasikia mishale hata batani ikiwa na fokasi. Isitoshe, mpangilio wake una adabu: kidhibiti chenye fokasi huulizwa kwanza, kisha wazazi wake, na dirisha mwisho. Kwa hiyo mtu akiwa ndani ya kisanduku cha kutafuta, mshale wa kushoto utasogeza kielekezi cha maandishi na ramani itatulia, bila wewe kuandika sharti lolote.

Mpangilio huohuo ndio unaoeleza balaa la JScrollPane. Kidhibiti hicho kimejifungia mishale minne katika InputMap ya ngazi ya mzazi, ili kiweze kusogeza yaliyomo hatua moja moja. Ramani ikiwa ndani yake na ikiwa na fokasi, mzazi anaulizwa kabla ya dirisha, naye anajibu, kwa hiyo kifungo chako cha ngazi ya dirisha hakifikiwi. Una uchaguzi wa aina mbili: funga mishale kwenye ngazi ya WHEN_FOCUSED ya ramani yenyewe, ambayo huulizwa kabla ya mzazi, au nenda kwenye InputMap ya JScrollPane na uweke neno none kwa kila mshale ili kiache kuudai. Kama kusogeza ramani ndilo jambo pekee unalotaka, ningesema uache JScrollPane ifanye kazi hiyo, ufute msimbo wako. Mabaki ya juhudi hayana budi kufutwa pale maktaba inapokuwa tayari imefanya kazi.

Swali: Kamwene, mwalimu. Niko Kihesa, Iringa, na ninaandika mchezo wa lori linaloshuka mlima Kitonga kwa Python na Tkinter. Nikishikilia mshale, lori linasogea kidogo, linasita, kisha linaanza kukimbia kwa kurukaruka. Nikishikilia wa kulia na kubonyeza wa juu, lori linaacha kukata kona. Nikihamia dirisha jingine kidole kikiwa juu ya kitufe, ninaporudi nakuta lori bado linakata kona lenyewe. Na kwenye kompyuta ya rafiki yangu yenye Linux, msimbo wangu wa kitufe kuachiwa unaitwa mfululizo hata kabla hajaachia.

Jibu: Kamwene. Umetaja magonjwa manne, na matatu kati yake yanatokana na kulipatia tukio la kibodi kazi isiyo yake.

Kusita unakokuona ni marudio ya kibodi. Ukishikilia kitufe, mfumo endeshi unasubiri kidogo, kisha unaanza kutuma tukio lilelile tena na tena. Katika Windows mtumiaji anaweza kuchagua muda wa kusubiri kuanzia takriban robo ya sekunde hadi sekunde nzima, na kasi ya marudio kuanzia takriban 2.5 hadi 30 kwa sekunde. Marudio hayo yametengenezwa kwa ajili ya maandishi. Ukiyatumia kuendesha lori, mwendo wa lori utategemea mpangilio wa kibodi ya kila mtu, na kwa kuwa kinachorudiwa ni kitufe kilichobonyezwa mwisho tu, kugusa mshale wa juu kunayakatisha marudio ya wa kulia. Kona inaishia hapo, na Kitonga si mahali pa kuacha kukata kona.

Tenganisha mambo mawili. Tukio la kubonyezwa liwe na kazi moja: kuweka jina la kitufe kwenye seti ya vitufe vilivyoshikiliwa. Tukio la kuachiwa liliondoe. Kisha kipima muda, kwa Tkinter ni methodi ya after yenye milisekunde 16 hivi, kisome seti hiyo na kusogeza lori. Usisogeze kwa hatua maalumu kila kipima muda kinapoita, kwa sababu vipima muda huchelewa. Pima muda halisi uliopita kwa perf_counter ya moduli ya time, uzidishe na mwendo wa lori. Wenzako wa Windows Forms wanalihitaji onyo hili zaidi, kwani usahihi wa Timer ya huko ni takriban milisekunde 55. Kushoto na kulia vikishikiliwa pamoja, vifutane: kulia hesabu moja, kushoto toa moja, jumla sifuri.

Kwa matendo ya mara moja, kama honi, yapuuze marudio. Kwa kuwa tayari una seti, jibu liko mkononi: kitufe kikiwa kimo ndani ya seti tukio linapofika, hilo ni rudio. Qt inakuambia kwa isAutoRepeat na WPF kwa IsRepeat, na aliye kwenye Win32 atakuta habari hiyo kwenye biti ya 30 ya lParam.

Lori linalokata kona lenyewe limekosa taarifa ya kuachiwa. Dirisha likipoteza fokasi kidole kikiwa kimebonyeza, kuachiwa kutapelekwa kwenye dirisha jingine, na seti yako itabaki na jina ambalo hakuna wa kuliondoa. Funga tukio la FocusOut na uisafishe seti yote humo.

Kuhusu Linux, rafiki yako hana kompyuta mbovu. Kwenye X11, rudio la kitufe hutumwa kama jozi ya kuachiwa na kubonyezwa, vikifuatana karibu wakati uleule. Kwa hiyo ukipokea KeyRelease, usiliondoe jina papo hapo. Panga kuondolewa kwake baada ya milisekunde chache kwa after, na KeyPress ya kitufe hichohicho ikifika kabla ya hapo, futa mpango huo kwa after_cancel. Kuachiwa kwa kweli kutachelewa kwa kiasi ambacho dereva wako hatakihisi.

Nakuongezea la tano usije ukaliona na kuhangaika: kibodi nyingi za bei nafuu zimeunganishwa kwa safu na nguzo kwa namna ambayo michanganyiko fulani ya vitufe vitatu haifiki kwenye kompyuta kabisa, na mshale wa juu, wa kushoto na kitufe cha nafasi ni miongoni mwa michanganyiko inayolalamikiwa sana. Hakuna msimbo unaotibu hilo. Mpe mchezaji ruhusa ya kuchagua vitufe vyake.

Swali: Kutoka Njombe: mteja wangu anatumia mishale iliyo kwenye namba za upande wa kulia wa kibodi, na programu yangu ya Java haimsikii. Je, ni lazima nimsikilize?

Jibu: Ndiyo. Kwenye kibodi ya kwanza ya IBM PC, yenye vitufe 83, mishale ilikuwa hukohuko kwenye namba tu, na NumLock ikizimwa bado ipo. Katika Swing, funga KP_LEFT pamoja na LEFT, na vivyo hivyo kwa mitatu iliyobaki. Tkinter kwenye X11 ina KP_Left. Katika Windows Forms huna la kufanya, kwa kuwa mishale yote miwili inaitwa Keys.Left.

Swali: Mwalimu, mimi ni mtunza kumbukumbu katika shule ya sekondari Mbeya mjini, na pia ndiye niliyeandika programu yetu ya kuingizia alama kwa DataGridView, yaani jedwali la Windows Forms. Walimu wamegawanyika. Wengine wanataka mshale wa kulia uwapeleke somo linalofuata, wengine wanataka usogeze kielekezi ndani ya alama waliyoikosea. Nani asikilizwe?

Jibu: Wote wawili, ila kwa wakati tofauti, na mfano wa kuiga walimu wako tayari wanaujua kutoka Excel. Ukianza kuandika namba moja kwa moja juu ya seli ya Excel, mshale unaihifadhi na kukupeleka seli ya jirani. Ukibonyeza F2 kwanza, mshale unabaki ndani ya maandishi. Mwalimu anayenakili alama kutoka karatasini yuko katika hali ya kwanza, na anayerekebisha yuko katika ya pili. Kitufe kimoja kinawatenganisha bila kuwauliza.

DataGridView kwa kawaida yake inafanya kitu cha katikati: wakati wa kuhariri, mshale wa kulia unatembea ndani ya maandishi mpaka mwisho wake, ndipo unapohamia seli nyingine. Kwa sentensi ndefu ni busara, lakini kwa alama zenye tarakimu mbili inachanganya, maana matokeo yanategemea kielekezi kilikuwa wapi. Ningeunda kidhibiti kinachorithi DataGridViewTextBoxEditingControl na kuandika upya EditingControlWantsInputKey, irudishe false kwa mishale ya kushoto na kulia isipokuwa pale uhariri ulipoanzishwa kwa F2. Na usiiguse mishale hiyo katika sehemu nyingine za programu, hasa penye maelezo marefu, kwa sababu mtu asiyeona anayetumia kisoma-skrini kama NVDA husikiliza maandishi herufi kwa herufi na mstari kwa mstari kwa mishale hiyohiyo.

Hukuuliza kuhusu safu ya mkondo au daraja, lakini kama umeiweka kuwa orodha ya kuchagulia na EditMode yako ni EditOnEnter, ikague leo. Kidhibiti cha orodha katika DataGridView kinadai mishale ya juu na chini kila wakati, hata orodha ikiwa imefungwa. Mwalimu anayeshuka safu hiyo kwa mshale wa chini akidhani anahamia mwanafunzi anayefuata, kwa kweli anambadilishia mwanafunzi wa kwanza mkondo kutoka A kwenda B, kutoka B kwenda C, na hakuna onyo linalotokea. Rithi DataGridViewComboBoxEditingControl, uifanye EditingControlWantsInputKey ikatae mishale hiyo miwili isipokuwa DroppedDown ikiwa true au Alt ikiwa imeshikiliwa, na uwaambie walimu kwamba orodha inafunguliwa kwa Alt pamoja na mshale wa chini. Baada ya hapo, linganisha safu hiyo na karatasi za muhula huu kabla ripoti hazijachapishwa.